Kwa Nini Chanjo ya Miguu na Midomo Haitaki Jua

Wanakikundi wamechanga pesa, chanjo imenunuliwa, ng'ombe wote wamedungwa. Miezi miwili baadaye ng'ombe wanatokwa na mate, midomo ina malengelenge, wanachechemea. Lawama zinaanza: ati mweka hazina aliuziwa maji. Kabla ya kugombana, ulizeni kwanza hiyo chupa ilisafiri vipi kutoka dukani.

Ugonjwa wa miguu na midomo huletwa na virusi vidogo mno. Ukipanga 30,000 kwa mstari mmoja, huwezi kupita milimita moja. Ndani ya kila kimoja kuna uzi wenye maagizo ya kuzaana, na nje kuna ganda la protini. Virusi vya Korona vimevaa tabaka la mafuta, ndiyo maana sabuni huviweza. Hivi vya ng'ombe havina mafuta. Ganda ndilo nguo na ndilo nyumba.

Ganda hilo limejengwa kwa protini za namna 4, kila namna ikiwa mara 60. Protini hizo huungana kwanza kuwa vipande vya pembe tano. Vipande 12 vikishikana, ganda linafunga, mviringo kama mpira. Ndani ya kila kipande protini zimefumana barabara kama nyuzi za kiondo. Udhaifu uko kwenye mishono kati ya kipande na kipande. Hapo kuna sehemu za protini zinazoitwa histidini. Asidi ikiongezeka hata kidogo, histidini hupata chaji ya umeme ya namna moja, nazo husukumana kama sumaku mbili zilizoelekezwa vibaya. Mishono inaachia. Joto nalo hulegeza mishono hiyo hiyo.

Mbona virusi vijijengee nyumba dhaifu hivyo? Kumbe ni lazima. Vikimezwa na chembe ya mwili wa ng'ombe, hujikuta ndani ya kifuko chenye asidi. Ganda lisipofunguka hapo, uzi hautoki, na virusi havizai.

Sasa chanjo. Kiwandani virusi hukuzwa kwa wingi, halafu huuawa kwa kemikali inayoharibu uzi wa ndani na kuacha ganda likiwa zima. Hilo ganda ndilo chanjo yenyewe. Mwili wa ng'ombe hujifunza umbo lake na kuandaa askari. Lakini umbo hilo lipo tu wakati vipande 12 vimeshikana. Vikiachana, ng'ombe amedungwa kifusi, na kinga anayopata ni hafifu sana. Ubaya ni kwamba kwa macho huwezi kujua: chupa ni ile ile, na kuirudisha kwenye friji hakujengi ganda upya.

Kwa hivyo ni nyuzi 2 hadi 8, kutoka dukani mpaka zizini. Tumieni kasha lenye barafu, si mfuko wa plastiki juu ya pikipiki. Na chanjo isigande: zungusheni gazeti kwenye barafu ili isigusane na chupa.

Kenya imekuwa na virusi vya aina O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya aina moja haikingi nyingine. O na hizo SAT ndizo zenye mishono milegevu kuliko A. Mwaka wa 2013 wataalamu wa Uingereza, wa Pirbright na vyuo vikuu vya Oxford na Reading, walieleza jinsi walivyotengeneza ganda tupu la aina A, lisilo na uzi ndani, wakabadilisha sehemu moja ya protini ili mshono ufungwe kwa kiungo cha salfa, mfano wa pini. Ganda hilo lilistahimili joto kuliko la asili. Mwaka wa 2015 walifuata na maganda ya O na SAT 2 yaliyoimarishwa mishono.

Udhaifu huo unatufaa pia. Kwa kusafisha viatu na magurudumu, koroga gramu 400 za soda ya kufulia (si ile ya kupikia mandazi) katika lita 10 za maji. Soda ni kinyume cha asidi, lakini nayo huvunja ganda. Osheni matope na samadi kwanza, maana dawa haipenyi kwenye kinyesi. Maji yakichafuka, mwageni, mchanganye mengine.