Hoki ya barafu, kijana na rika

Desemba 2024 mpwa wangu, anayeishi Kanada na mama yake, alinitumia ujumbe wa sauti. Alitaka nimweleze babu yake hapa Baraka mchezo anaoucheza, kwa sababu Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa kimekwama kwenye maneno mawili: hoki na junior. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, nikaona ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua siku tatu, na wenzangu wa kitivo wataona ni kwa nini.

Barafu babu anaijua. Ni ile inayouzwa katika vifuko vya plastiki, ikitoka kwenye friza ya jenereta, na ukichelewa njiani unafika na maji. Kwamba watu sita kila upande, kipa akiwemo, wanakimbizana juu yake kwa vipindi vitatu vya dakika 20, wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini, hilo lilihitaji picha. Jina la mchezo halikunisumbua sana, kwa kuwa Waswahili wana mpira wa magongo tangu zamani, ule wa uwanja wa kawaida. Ukiongeza "wa barafuni" umemaliza. Babu akauliza mpira wenyewe uko wapi. Kwenye picha kulikuwa na kisahani cheusi, bapa, unene wa sentimita mbili na nusu hivi. Hapo lugha yetu iliniokoa bila mimi kujua: kisahani hicho hutengenezwa kwa mpira, ule utomvu mgumu wa miti. Si mpira kwa umbo, ila ni mpira kwa mata. Sidhani kama kuna lugha nyingine inayoweza kujitetea hivyo.

Babu alidhani pia kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Nilimwambia kwamba Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa, hoteli ya Panari ina uwanja wa barafu tangu 2005. Ni mdogo kuliko uwanja wa kimataifa, ambao urefu wake ni mita 60, lakini hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya iitwayo Ice Lions. Kwa miaka hawakuwa na timu ya kushindana nayo, wakawa wanagawanyika na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza pamoja na nyota wawili wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafu, lililoundwa Paris mwaka 1908. Nikamtajia pia Johnny Oduya, mzaliwa wa Stockholm ambaye baba yake ni Mkenya: alitwaa Kombe la Stanley mara mbili na Chicago, 2013 na 2015, na mwaka 2014 akapata fedha ya Olimpiki akiwa na timu ya Uswidi. Babu alitikisa kichwa. "Oduya, hilo ni jina la Wajaluo." Kwake hoja ilikuwa imekwisha.

Yangu ilikuwa haijakwisha. Neno la pili lilikuwa bado.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi siku za kwanza za Januari, timu 10 za taifa hukutana katika mashindano ya dunia ambayo Wakanada huyafuata nyumbani kama sisi tunavyofuata Léopards. Ni rasmi tangu 1977. Timu hugawanywa makundi mawili ya tano tano, nne za kila kundi huingia robo fainali, na anayeshika mkia hushuka daraja, kwa maana chini yake kuna ngazi nzima za mataifa mengine yanayopanda na kushuka. Mwaka 2025 fainali ilichezwa Ottawa, Marekani ikaifunga Ufini 4 kwa 3 katika muda wa nyongeza. Wachezaji wote wa mashindano hayo ni "junior".

Nilianza na "vijana". Babu akauliza kama na mimi naweza kwenda. Swali lake lilikuwa la haki: hapa kwetu mtu wa miaka 35 asiye na mke bado ni kijana, na wanasiasa wenye mvi hukaa kwenye kamati za vijana. Nikajaribu "watoto", lakini mtu wa kimo cha mlango mwenye kilo 90 si mtoto. "Chipukizi" ni zuri, ila linasema habari za kipaji, na sheria ya mashindano haina habari na kipaji. Inatazama kitu kimoja tu, mwaka wa kuzaliwa. Kwa mashindano ya 2025 waliruhusiwa waliozaliwa tarehe 1 Januari 2005 au baadaye. Aliyezaliwa siku moja kabla, yaani 31 Desemba 2004, mlango umefungwa.

Neno la jambo hilo tunalo, nalo ni rika. Rika halimpimi mtu kwa sura wala kwa mke. Linauliza ulizaliwa na nani, ulikua na nani. Timu ya taifa ya rika la chini ya miaka 20: babu alielewa mara moja. Ninapendekeza walimu wetu waliangalie, maana redio zetu zinasema "vijana" kwa kila kitu.

Kuna tofauti moja lakini. Rika la wazee wetu lilikuwa na kingo laini. Hili la hoki limekatwa kwa kisu. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia Mkanada, Roger Barnsley, alitazama orodha za wachezaji wa ligi za rika hilo, akakuta zimejaa waliozaliwa Januari, Februari na Machi, na wa mwisho wa mwaka ni wachache. Sababu yake ni rahisi. Mtoto wa Januari anapangwa kundi moja na wa Desemba tangu wakiwa wadogo, anakuwa amemzidi karibu miezi 12 ya mifupa, kocha anamchagua, anafundishwa zaidi, na pengo linaendelea kupanuka.

Na mpwa wangu, kwa karatasi, amezaliwa tarehe 1 Januari 2008.

Wengi wetu mnaijua tarehe hiyo. Dada yangu alijifungua huku Fizi, bila cheti, kisha vita vikawavusha ziwa. Upande wa pili karani aliuliza tarehe, dada akataja msimu, karani akaandika Januari mosi. Kwa hiyo kwenye makaratasi mpwa wangu ndiye mkubwa wa rika lake lote, na kocha wake anashangaa kwamba mwili hauonyeshi. Bibi anashikilia kwamba alizaliwa kiangazi, na si mwaka huo, bali uliofuata. Kama bibi ana haki, mtoto anatolewa kwenye kundi la chini ya miaka 18 mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Timu ya taifa ni ndoto ya mbali, lakini hata huko hesabu ni ileile: mwisho wake ni mashindano ya 2028 badala ya 2029.

Nilipomweleza babu haya yote, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: atachezea taifa gani? Shirikisho linadai mchezaji awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Kongo haina timu ya barafu, na sheria yetu ya Novemba 2004, kama Katiba ya 2006, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Siku atakapopokea uraia wa Kanada, kwa karatasi si mwenzetu tena. Babu alinyamaza, kisha akasema karatasi hiyohiyo ndiyo iliyokosea siku ya kuzaliwa.

Bibi hakujali taifa. Aliniuliza kama nimekwenda kwa jirani yetu wa zamani, yule waliyejifungua naye juma moja. Nilikwenda. Mwanawe alibatizwa kabla hawajakimbia, na daftari la kanisa bado lipo, limeliwa na mchwa pembeni. Linasema Julai 2009. Nimepiga picha ukurasa huo na kumtumia dada. Anatafuta mtu wa kuutafsiri.