Dawa isiyosubiri foleni ya Malaba: Safari ya kipimo cha PET kwa wagonjwa wa limfoma

Lori la mafuta likikwama Malaba kutwa nzima, mafuta yatafika Kampala yakiwa yale yale. Dawa inayotumika katika kipimo cha PET haina subira hiyo. Kila baada ya dakika 110 nguvu yake hupungua kwa nusu, iwe barabarani, iwe ndani ya friji, iwe mezani kwa ofisa wa forodha anayetafuta muhuri. Ikipakiwa kwenye basi Nairobi jioni na kushushwa Kampala saa 12 baadaye, nguvu iliyobaki ni chini ya sehemu moja kati ya 90.

Kwa hiyo, katika Afrika Mashariki, kwa kawaida dawa hii haivuki mpaka. Anayevuka ni mgonjwa.

Miongoni mwa wanaovuka wapo wenye limfoma ya seli B, saratani inayoanzia katika chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Chembe hizo zikiharibika na kuzaana bila kikomo, hujazana katika mitoki ya shingoni, kwapani na kinenani, ndani ya kifua na tumbo, katika bandama, na wakati mwingine katika uboho wa mifupa. Aina zake ni nyingi. Inayoongoza kwa watu wazima duniani hujulikana kwa kifupisho cha DLBCL. Huenda mbio, lakini ikitibiwa kikamilifu wagonjwa wengi hupona. Nyingine hutambaa kwa miaka bila kumlaza mtu kitandani.

Kwa wagonjwa hawa PET si anasa ya matajiri, ingawa bei yake huifanya ionekane hivyo. Ndicho kipimo kinachoweza kumwambia daktari jambo ambalo macho yake, vidole vyake na hata CT-Scan ya kawaida haviwezi kulithibitisha: je, uvimbe uliobaki baada ya tiba ni saratani iliyo hai, au ni kovu tu?

Sukari yenye taa

Kazi huanzia kwenye mtambo uitwao siklotroni, ambao hurusha chembe ndogo kwa kasi kubwa na kuzalisha florini-18, elementi yenye mionzi. Florini hiyo huunganishwa na sukari inayofanana na glukosi, kisha mgonjwa hudungwa sindano mkononi na kulazwa kimya kwa muda wa saa moja hivi.

Seli zinazokua kwa kasi zina njaa ya sukari. Huivuta ile yenye florini kama zinavyovuta sukari nyingine, lakini zikishaimeza hushindwa kuitumia, basi hubaki nayo tumboni. Mashine hunasa miale inayotoka humo na kuchora ramani ya mwili mzima, huku CT iliyounganishwa nayo ikionyesha ni kiungo gani hasa kinachong'aa. Ubongo hung'aa siku zote, maana chakula chake ni sukari. Kibofu cha mkojo nacho hung'aa, kwa kuwa dawa hutokea huko. Mengine yanayowaka ndiyo yanayotafutwa.

Kabla ya tiba, ramani hiyo huonyesha ugonjwa umefika wapi. Mitoki ya upande mmoja tu wa kiwambo cha moyo ni hatua tofauti na mitoki ya juu na chini yake, na tiba nayo hutofautiana. Kwa mgonjwa wa DLBCL ambaye PET inaonyesha wazi kwamba uboho umeshaingiliwa, mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2014, unaoitwa kwa jina la mji wa Lugano nchini Uswisi, unasema hana haja tena ya kuchomwa sindano nene ya nyongani kwa ajili ya kuthibitisha hilo. Aliyewahi kuchomwa sindano hiyo anajua ni nafuu ya namna gani.

Ila PET haitaji jina la ugonjwa. Inaonyesha moto, haisemi nani kauwasha. Jina hutoka maabara tu, kwenye kipande cha mtoki kilichokatwa na kuangaliwa kwa darubini. Hospitali inayomtuma mgonjwa nje ya nchi kwa PET kabla ya kukata kipande hicho imemtanguliza safari isiyo yake. Tena baadhi ya limfoma za mwendo wa polepole hula sukari kidogo mno kiasi cha kutoonekana vizuri kwenye picha.

Ini la mgonjwa ndiyo mizani

Hapa ndipo kipimo kinapowahusu moja kwa moja watu wanaoishi nchi moja na kupimwa nchi nyingine. Picha iliyopigwa Nairobi itasomwaje na daktari wa Bujumbura ambaye hajawahi kuiona mashine yenyewe?

Jibu lilipatikana mwaka 2009, wataalamu walipokutana Deauville, mji wa pwani nchini Ufaransa. Walikubaliana kutumia namba tano tu. Moja maana yake hakuna kinachong'aa. Mbili, kinachong'aa hakizidi damu iliyomo katika mishipa mikubwa ya kifuani. Tatu, kinaizidi damu hiyo lakini hakilizidi ini. Nne, kinalizidi ini kwa kiasi. Tano, kinalizidi ini kwa mbali, au kuna uvimbe mpya uliozuka.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba jiwe la mizani limo ndani ya mgonjwa mwenyewe. Daktari hapimi mng'ao dhidi ya mashine ya fulani au kiwango cha nchi fulani. Anaulinganisha na ini la mtu yule yule, siku ile ile, kwa sindano ile ile. Karatasi iliyoandikwa "Deauville 2" inaeleweka Kigali kama inavyoeleweka Dar es Salaam. Ni mikataba michache ya Jumuiya inayoweza kujivunia kueleweka hivyo.

Mwisho wa tiba, namba 1 hadi 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa umezimika, hata kama CT bado inaonyesha uvimbe. Namba 4 na 5 ni onyo. Na onyo si hukumu: kabla ya kumwingiza mgonjwa katika tiba kali ya awamu ya pili, inapowezekana, kipande hukatwa tena.

Kifua kikuu kinapojifanya saratani

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi katika eneo letu kuliko Ulaya. Seli za kinga zinazopambana na vijidudu nazo hula sukari kwa pupa. Mtoki wenye kifua kikuu unaweza kung'aa sawasawa na mtoki wenye limfoma. Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi ambavyo havijadhibitiwa anaweza kuwa na mitoki inayowaka mwili mzima bila saratani yoyote, na wakati huo huo yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kupata limfoma.

Makosa hutokea pande zote mbili. Wapo wanaoanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa sababu tu mitoki imevimba na homa za usiku hazikomi, na miezi ikapita huku limfoma ikitembea. Wapo pia ambao picha imewaka baada ya tiba, familia ikaanza kuaga, kumbe ni kifua kikuu kilichoamka kinga iliposhushwa na dawa. Msomaji wa picha aliyezoea wagonjwa wa nchi zisizo na kifua kikuu anaweza kupotea hapa. Wa Nairobi au Dar es Salaam ana sababu ya kuwa makini zaidi, na hiyo ni faida ya kupimiwa karibu na nyumbani badala ya kupanda ndege kwenda India.

Siku ya kupimwa ina hesabu yake

Tiba iliyozoeleka ya DLBCL, ijulikanayo kama R-CHOP, ni dawa tano zinazotolewa kila baada ya siku 21, aghalabu mara sita. Mgonjwa akimaliza dozi ya mwisho, hamu yake ni kupimwa kesho yake. Haifai. Tiba yenyewe huacha uchungu katika nyama, na uchungu huo hung'aa. Utaratibu ni kusubiri wiki tatu kwa uchache, na bora wiki sita hadi nane. Aliyechomwa mionzi husubiri takriban miezi mitatu. Hata sindano za kupandisha chembe nyeupe za damu huufanya uboho wote uwake kama jiji usiku.

Wakati mwingine kipimo hufanywa katikati ya tiba, na hapo huweza kumpunguzia mgonjwa mzigo. Utafiti uliofanywa Marekani kwa wagonjwa wa DLBCL ya hatua za mwanzo isiyo na uvimbe mkubwa ulionyesha kwamba ambao PET yao ilikuwa imezimika baada ya dozi tatu waliendelea vizuri kwa kuongezewa dozi moja tu. Dozi nne badala ya sita si akiba ya fedha peke yake. Moja ya dawa hizo huchosha moyo, na kila dozi inayoepukwa ni moyo uliopumzishwa.

Kampala ilikotangulia

Si haki kuizungumzia limfoma ya seli B kana kwamba ni habari iliyotoka ng'ambo. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, kutoka Ireland, alikuwa Mulago alipoandika mwaka 1958 juu ya watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana. Ramani yao ilikaribia kufanana na ile ya malaria.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Shehena moja ilicheleweshwa na ukungu, ndege ikatua Manchester, na maji yaliyobeba kipande yakafika yakiwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Anthony Epstein aliyatazama kwa darubini akakuta seli hai zikielea. Kutokana na seli kama hizo, mwaka 1964 kikatangazwa kirusi ambacho leo kinabeba jina lake na la Yvonne Barr. Safari ile, ucheleweshaji ulileta heri. Kwa florini-18 bahati hiyo haipo.

Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipogawana vituo vya umahiri, Uganda ilipewa saratani, Kenya figo, Tanzania moyo. Mgawanyo huo una mantiki, ila mashine hazikufuata karatasi. PET-CT pamoja na siklotroni zilitangulia Nairobi, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na baadaye hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tanzania nayo ikawekeza katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mashine ya mionzi ya Mulago ilipoharibika kabisa Aprili 2016, Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu Waganda 400. Ilikuwa hisani, na hisani ina kikomo. Mpaka leo kadi ya bima ya taifa ya nchi moja kwa kawaida haipokelewi kwenye dirisha la malipo la nchi ya pili. Bidhaa zina cheti cha asili kinachozifungulia mpaka. Mgonjwa ana barua ya rufaa na mchango wa ndugu.

Chai ya stendi

Ramani ya Jumuiya na ramani ya mgonjwa hazilingani. Mtu wa Moshi au Arusha yuko karibu zaidi na Nairobi kuliko Dar es Salaam. Kwake, kuvuka Namanga ni njia fupi, na ni njia yenye mitego yake.

Kipimo hutaka tumbo tupu kwa saa nne hadi sita, maji matupu yakiruhusiwa. Abiria anayeshuka alfajiri akiwa na baridi hununua chai ya maziwa yenye sukari, na kwa kikombe hicho kimoja miadi imeharibika, kwa kuwa sukari ya chai hushindana na sukari ya sindano. Mwenye kisukari hupimwa damu kwanza, na ikiwa sukari iko juu mno huahirishwa. Aliyekimbia na mizigo kugombania gari hufika na misuli inayong'aa. Hata baridi ya Nairobi ya Julai ina lake: mwili wa mtu wa Mombasa ukitetemeka huwasha mafuta maalumu ya shingoni na mabegani, mahali pale pale mitoki inapotafutwa. Blanketi katika chumba cha kusubiri ni sehemu ya kipimo.

Wahudumu wengi wa rufaa humpa mgonjwa tarehe na anwani. Ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, ukitolewa kule anakotoka, ungeokoa nauli nyingi.

Kipimo kikiisha, mgonjwa huelezwa anywe maji kwa wingi na asimpakate mtoto mdogo wala kukaa karibu na mjamzito kwa saa kadhaa. Aliyedungwa saa tatu asubuhi na kuondoka na basi la alasiri atakuwa anakaribia nyumbani saa mbili usiku, CD ya picha ikiwa kwenye mkoba. Kufikia hapo florini imejigawa nusu mara sita, na nyingine imetoka na mkojo njiani. Mtoto anayemsubiri mlangoni anaweza kupakatwa.