Fahamu: Kwa nini Karisimbi huvaa weupe

Baada ya usiku wa mvua kubwa, ukiwa Goma tazama kaskazini-mashariki: huenda kilele cha mlima Karisimbi kimekuwa cheupe. Ni theluji au mvua ya mawe. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele mita 4,507, na kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Jina lenyewe linahusishwa na weupe huo: latokana na isimbi ya Kinyarwanda, yaani ganda jeupe, ndugu wa simbi yetu.

Kupanda? Upande wa Rwanda inawezekana, siku 2 na mwongozaji. Upande wetu wa Kongo, katika Hifadhi ya Virunga, vita vimesimamisha utalii. Tafadhali, usijipenyeze: msituni mna wenye silaha, na huko juu nguo zilizolowa huua kwa baridi.