Mbwa Ajikunaye: Itafutwe Sababu Kabla ya Dawa

Katika mji wa Kendu Bay na vijiji vya Karachuonyo vilivyo kando ya Ghuba ya Winam, mbwa ni mlinzi wa boma. Usiku hulinda mbuzi na kuku, na mchana hufuatana na watoto mpaka ufukoni, mahali omena wanapoanikwa. Ujira wa kazi hiyo yote ni makombo ya ugali na mifupa ya samaki. Lakini mbwa huyo akianza kujikuna usiku kucha, na manyoya yake yakanyonyoka, mara nyingi hufukuzwa kwa mawe. Ama, na hili ni baya zaidi, mwenyewe humwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe, akidhani kwamba kilichomfaa fahali kitamfaa na mbwa.

Watu wengi hudhani ya kwamba kujikuna ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Kujikuna ni dalili tu, kama vile homa ilivyo dalili kwa binadamu: huenda ikaletwa na malaria, au na jambo jingine kabisa. Asiyejua sababu hawezi kuchagua dawa. Hata hivyo sababu yenyewe mara nyingi huweza kutambuliwa nyumbani kwa macho na vidole, pasipo gharama, kwa kuwa kila mdudu ana mahali pake apendapo katika mwili wa mbwa.

Kiroboto hupenda kiuno, shina la mkia na nyuma ya mapaja. Ni mwepesi wa kukimbia, na mtu aweza kupekua manyoya asimwone hata mmoja. Basi na amchane mbwa kwa kitana chembamba juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji. Punje nyeusi zikianguka na kutoa rangi nyekundu kama kutu, huo si mchanga. Ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa iliyokwisha kusagwa tumboni mwa mdudu. Tena wako mbwa ambao ngozi yao haistahimili mate ya kiroboto. Kuumwa mara chache tu kwatosha kuwatia mwasho wa siku nyingi. Kwa hiyo uchache wa viroboto si ushahidi kwamba hawana kosa.

Upele ni jambo jingine. Huletwa na utitiri mdogo sana, ambao urefu wake haufiki nusu milimita. Jike lake huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huanza kwenye kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumboni, penye manyoya haba, kisha ngozi huwa nene na kufanya magamba. Mwasho wake ni mkali kupita mwingine wote. Waganga wa mifugo wanalo jaribio jepesi: ukingo wa sikio la mbwa husuguliwa kwa vidole, na mbwa akianza kuchezesha mguu wa nyuma kana kwamba ajikuna, upele washukiwa sana. Baada ya jaribio hilo mikono ioshwe kwa sabuni. Upo na upele wa aina ya pili, uwapatao zaidi watoto wa mbwa, unaoacha mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho na mdomo, nao mwanzoni hauwashi sana. Huo hauambukizi watu, na dawa yake ni kazi ya mganga.

Kupe hujificha masikioni na katikati ya vidole. Kupe wa mbwa hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za kuta. Kwa hiyo kumng'oa mmoja mmoja na kuziacha nyufa wazi ni kazi isiyokwisha. Mbwa anayelamba nyayo na kuchechemea atazamwe kama ana funza. Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika: husemwa alishuka Angola mwaka 1872 kutoka katika meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara na kufika pwani ya mashariki. Mbwa na nguruwe humhifadhi, kisha mtoto asiye na viatu humpata uani.

Sasa kuhusu dawa. Mwenye mbwa wa viroboto hana budi kujua ya kwamba viroboto walio juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya jamii yao. Jike aweza kutaga mayai arobaini kwa siku, nayo hayashiki manyoya, bali huanguka penye malalo ya mbwa. Buu hujificha vumbini, kisha hujifungia katika kifuko na kukaa humo hata miezi kadhaa akingojea mnyama apite. Ndiyo maana mtu huogesha mbwa leo, na baada ya majuma mawili husema dawa ilikuwa ya bandia. Dawa pengine ilikuwa njema. Kilichoachwa ni sakafu. Magunia ya kulalia yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, sakafu ifagiliwe kila siku na takataka zichomwe, nyufa zizibwe. Mbwa na paka wote wa boma watibiwe siku moja, kila mnyama kwa dawa iliyofanywa kwa ajili yake, na kazi hiyo iendelezwe muda wa miezi mitatu hivi.

Dawa ya josho imekwisha kuua mbwa wengi. Ng'ombe halambi mwili wake wote kama mbwa afanyavyo, na anayepima dawa kwa kifuniko cha chupa katika kopo la maji hajui ameweka kiasi gani. Mbwa aliyedhurika hutokwa na mate, hutetemeka, hupepesuka au hulala usingizi mzito. Aoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, azuiwe kujilamba, apelekwe kwa mganga pamoja na chupa yenyewe. Sindano ya ivamektini ya ng'ombe nayo ina hatari yake: wako mbwa wa asili ya wachunga kondoo wa Uskoti ambao hufa kwa kipimo ambacho wengine hukistahimili, wala damu hiyo haionekani kwa macho. Dawa za pamethrini zinazowafaa mbwa huua paka. Mafuta machafu ya gari huunguza ngozi na kuingia tumboni.

Tangu miaka ya 2013 na 2014 vimepatikana ulimwenguni vidonge vya mbwa ambavyo kimoja huua viroboto na kupe kwa mwezi mmoja au zaidi, na waganga huvitumia kwa upele pia. Si rahisi kwa bei, lakini hulinganishwa vema na bei ya mbuzi mmoja aliyeibwa. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na Kendu Bay imo katika Kaunti ya Homa Bay. Afisa wa mifugo ndiye wa kuulizwa kwanza, hasa ngozi ikinuka, ikitoa usaha, au viroboto wakiisha na mwasho ubaki.

Upele wa mbwa huweza kuwarukia watu wa nyumbani, ukatokeza vipele vya kuwasha mikononi na tumboni, hasa kwa watoto wanaomkumbatia mnyama. Utitiri huo hauzaani katika ngozi ya binadamu, nao kwa kawaida hutoweka majuma machache baada ya mbwa kutibiwa. Mzazi ampelekaye mtoto zahanati amweleze mganga kwamba nyumbani yuko mbwa ajikunaye. Asipoambiwa, mtoto huenda akapakwa dawa mara mbili na tatu, na kila jioni akarudi kulala karibu na mbwa yule yule.