Presha Inaposhuka Hadi Kuhatarisha Maisha

Presha ya kupanda tunaijua sana. Ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi, inayowanyima madaktari usingizi mara nyingi ni ya kushuka.

Maambukizi yakisambaa mwilini, mishipa ya damu hulegea na kutanuka, na majimaji huvuja kutoka ndani yake. Damu haifiki kwenye figo na ubongo kwa msukumo wa kutosha. Mgonjwa huwekewa dripu kwanza. Isipofua dafu, huanzishiwa noradrenalini, dawa inayobana mishipa iliyolegea. Zamani dawa nyingine, dopamini, ilitumika sana, hadi utafiti wa mwaka 2010 wa wagonjwa 1,679 ulipoonyesha kuwa inavuruga mapigo ya moyo karibu mara mbili ya noradrenalini.

Noradrenalini haitaki mzaha. Hupimwa kwa maikrogramu na kuingizwa kwa pampu, aghalabu kupitia mshipa mkubwa wa shingoni, maana ikivuja chini ya ngozi ya mkono inaweza kuua nyama ya hapo. Nguvu yake huisha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo muuguzi hasubiri bomba la sindano kwenye pampu liishe. Huandaa la pili mapema, presha isije ikaporomoka wakati wa kubadilisha.

Lengo la kawaida ni wastani wa presha wa milimita 65 za zebaki. Kuipandisha zaidi kunaweza kudhuru, kwa kuwa mishipa ikibanwa mno, vidole na utumbo hukosa damu. Kwa hiyo daktari makini haishii kutazama mashine. Hubonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa hadi iwe nyeupe, aachie, ahesabu: rangi ikirudi ndani ya sekunde 3, ni dalili njema.

Yote haya ni kununua muda tu, antibiotiki zifanye kazi yake. Na muda huo hauji bure. Katika utafiti wa Lusaka, Zambia, uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa waliopewa dripu nyingi mapema, na baadhi yao dopamini, walifariki asilimia 48. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33. Wengi katika makundi yote mawili walikuwa na VVU, na vitanda vya mahututi vilikuwa haba. Kwa maoni yangu, hospitali inayoagiza dawa hizi iagize na pampu, na iajiri wauguzi wa kutosha zamu ya usiku.