Taa Mpya ya Pikipiki na Ugonjwa Usio wa Taa

Pikipiki siku hizi ni mali ya nyumba nyingi za Pwani, na si mara chache ni mali ya mama wa nyumba hiyo. Imenunuliwa kwa mgao wa chama au kwa faida ya maandazi na viazi vya karai, akakabidhiwa kijana aiendeshe, naye huleta hesabu kila jioni. Ndiyo inayompeleka mtoto madrasa, na ndiyo inayomrudisha mja mzito kutoka kliniki. Kwa hivyo hatuoni ajabu kuzungumza habari ya taa yake ya mbele katika ukurasa huu wa familia. Hiyo si habari ya vijana wa stejini peke yao.

Kilio tunachokisikia majumbani aghalabu ni kimoja. Taa ya kiwandani ilionekana hafifu, ikanunuliwa ya LED yenye mwanga mweupe. Juma la kwanza ilimeremeta. La pili ikaanza kupepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga, na la tatu ikazimika kabisa. Mama akaombwa pesa za nyingine, kisha za nyingine tena. Rai yetu ni kwamba kabla ya kununua taa ya pili, fundi na aulizwe mambo mawili: umeme wa taa hii unatoka wapi, na mwanga wake unakwenda wapi?

Tuanze na umeme. Pikipiki ndogo, zile za cc 100 hadi 150, nyingi hutoka kiwandani na balbu ya uzi ya volti 12 na wati 35. Uzi hauchagui umeme. Ukija kwa kwenda na kurudi, kama utokavyo kwenye koili ya injini, utawaka. Ukija kwa njia moja, kama utokavyo kwenye betri, utawaka vilevile. LED haiko hivyo. Yenyewe hupitisha umeme upande mmoja tu, na ukiilisha umeme wa kwenda na kurudi itapepesa, na yamkini haitadumu. Sasa, pikipiki nyingi za namna hii, hasa za miaka iliyopita, taa yake ya mbele hulishwa moja kwa moja na koili, haipitii betri kamwe.

Kulijua hilo hakuhitaji bisibisi. Baada ya Maghribi, taa ya zamani ikiwa ingali mahali pake, mwambie kijana awashe injini na aiache ingurume polepole, kisha avute mafuta. Ikiwa mwanga unafifia injini inapotulia na kupanda kila inapovuma, basi taa hiyo inakula koili. Msitegemee alama ya kwamba taa haiwaki mpaka injini iwake, kwani ziko pikipiki za siku hizi zilizopangwa hivyo makusudi ingawa zinatumia betri. Dawa ya taa inayokula koili ni fundi kuhamisha chanzo chake kiwe betri, kupitia swichi na fyuzi yake yenyewe. Kazi hiyo ni ya saa chache, nayo ni rahisi kuliko kununua taa tatu.

Akishahamisha, apime. Mita ndogo ya umeme ni chombo ambacho fundi yeyote anayestahili jina hilo anacho, na asiye nacho tungemwacha aendelee na kuziba pancha. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikivuma na taa ikiwaka, kipimo kinatakiwa kiwe baina ya 13.5 na 14.5. Kikipita 15, kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita regyuleta, kimeharibika, na ndicho kinachounguza taa moja baada ya nyingine huku lawama ikimwangukia muuza vipuri. Kikibaki chini ya 13, mzigo umezidi nguvu ya injini. Hapo tazameni zile taa za ziada zilizofungwa kwenye usukani kwa pambo. Mbili za wati 20 ni wati 40, nazo huvuta zaidi ya ampea 3 juu ya taa kubwa. Na zikiunganishwa kwenye swichi ya kiwandani bila relei, swichi itapata moto mpaka plastiki yake iyeyuke.

Lakini kwetu sisi wakaao karibu na bahari, ugonjwa mkubwa ni chumvi. Pikipiki ilalayo nje Likoni, Mtwapa au Malindi hupata kutu ya kijani kwenye viungo vya nyaya, na kiungo kinachoumia kimyakimya ni kile cha waya wa kurudisha umeme, uliofungwa kwa parafujo kwenye chuma cha pikipiki. Kutu ikiingia hapo, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na ndipo huonekana maajabu: mwanga wa chini na wa juu huwaka pamoja kwa unyonge, au taa kubwa hupepesa kila kijana anapotoa ishara ya kukata kona. Watu husema pikipiki imeingiwa na mdudu. Fundi achukue kipande cha waya, aunganishe upande hasi wa betri na waya wa kurudisha wa taa. Mwanga ukichangamka, mdudu amepatikana. Kiungo kisuguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, kikazwe, kisha kipakwe mafuta ya mgando kuzuia hewa ya chumvi.

Sasa mwanga unakwenda wapi? Kikombe cha taa kimetengenezwa kwa kuukadiria uzi wa balbu mahali pake hasa. LED iliyokaa mbele au nyuma ya mahali hapo humwaga mwanga ovyo: dereva huona weupe mwingi karibu na tairi, na anayekuja mbele yake hupofuka. Hapa ndipo tunapoombea watu wetu zaidi. Mwanamke aliyevaa buibui jeusi, atembeaye kando ya barabara ya Lungalunga baada ya Isha, haonekani na dereva aliyetoka kupigwa machoni na taa ya namna hiyo.

Kipimo chake ni ukuta. Pikipiki isimamishwe mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, dereva ameketi na abiria nyuma yake, kwani mzigo wa nyuma huinua pua ya pikipiki. Wekeni alama ukutani penye kimo cha katikati ya taa. Ukingo wa juu wa mwanga wa chini uwe karibu sentimita 5 chini ya alama hiyo. Ukiwa juu, ilegezwe parafujo ya taa na kuinamishwa. Baadhi ya taa hutoa ukingo uliopanda upande mmoja: kwetu, tunaoendesha kushoto, upande uliopanda uwe wa kushoto. Ukipanda kulia, taa hiyo ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na hakuna parafujo itakayoiponya, irudishwe dukani. Nayo balbu ya LED yenye vipande vya mwanga pande mbili izungushwe mpaka vipande vitazame kushoto na kulia, si juu na chini.

Ama balbu ya zamani, isitupwe. Ifungwe kitambaa, ihifadhiwe kabatini. Siku taa mpya itakapoleta ukaidi, rudisheni ile ya zamani kwa usiku mmoja. Ikiwaka kwa utulivu, na taa hailishwi na koili, iliyoharibika ni ile mpya. Nayo ikipepesa, fundi afuate nyaya, na mkoba ubaki umefungwa.