Mbwaa: Kisiwa cha masimulizi ya Wameru na msimu wa nyangumi

KATIKA vijiji vya Imenti, Tigania na Igembe, ambako mtoto anaweza kukua bila kuiona bahari, wazee wamesimulia kwa vizazi vingi habari za kisiwa kiitwacho Mbwaa. Huko, wanasema, ndiko walikoishi mababu wa Wameru kabla ya kupanda hadi miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyambene.

Kwa mujibu wa masimulizi hayo, mababu walitawaliwa na watu wa nguo nyekundu, Nguo Ntuni, waliowatwisha kazi ngumu na kuwapa majaribu yasiyowezekana. Mwishowe, kiongozi aliyejulikana kama Koomenjoe aliyapiga maji kwa fimbo, njia ikafunguka, nao wakatoroka.

Waliovuka usiku waliitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu, na waliovuka jua lilipokwisha kuchomoza wakaitwa Njeru, weupe. Mgawanyo huo wa koo ungali unatajwa hadi leo.

Padri Bernardo Bernardi aliandika kuhusu masimulizi hayo katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kilichotoka mwaka wa 1959. Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, katika kitabu chake cha mwaka wa 1993, alikihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, mkabala wa Lamu.

Ramani inaipa hoja hiyo uzito. Mkono wa bahari wa Mkanda, unaotenga Manda na bara, ni mwembamba na hupungua kina sana maji yanapokupwa. Mtu aliyengoja maji yatoke angeweza kusema kwa haki kwamba bahari ilimfungulia njia.

Hata hivyo, si wanahistoria wote wanaokubaliana. Lugha ya Kimeru ina undugu wa karibu na Kiembu, Kikuyu na Kikamba, na wapo wanaoamini kuwa ni sehemu tu ya jamii hiyo iliyotoka pwani. Waembu nao wana asili yao wenyewe, ya Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka chao kitakatifu kiko karibu na Runyenjes. Hivyo, Mmeru anaweza kwenda Manda kama anayerudi kwao, ilhali jirani yake wa Embu huenda kama mgeni.

Anayesafiri kwa ndege kutoka Nairobi hutua Manda kwenyewe, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Lamu umejengwa katika kisiwa hicho, kisha huvushwa kwa boti hadi mji wa Lamu. Anayetumia barabara hupitia Mombasa, Malindi na Garsen hadi gati la Mokowe, na kumalizia safari majini.

Katika Manda kuna magofu ya Takwa, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17, wenye msikiti na kaburi la mnara. Ng'ambo ya pili, katika kisiwa cha Lamu, ufuo wa Shela una mchanga wa takriban kilomita 12. Mji wa kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka wa 2001, ungali unategemea punda katika vichochoro vyake. Mbali zaidi kaskazini kuna Kiwayu, kisiwa chembamba kilichomo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyotengwa mwaka wa 1979.

Kivutio kingine hakiko ufuoni. Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyangumi wenye nundu hufika katika maji ya Kenya kutoka bahari baridi za Antaktika. Huja kupandana na kuzaa katika maji yenye joto. Mmoja aliyekomaa hufikia urefu wa mita 15 na uzito wa tani 30. Wawindaji walikuwa karibu kuwamaliza, lakini idadi yao imeongezeka tangu walipolindwa katika bahari za kusini mwaka wa 1963.

Hapa ndipo msafiri anapopaswa kuchagua. Msimu wa nyangumi huangukia wakati wa kusi, upepo unaochafua bahari na kuzuia vyombo vidogo kutoka nje ya miamba. Ufuo hupendeza zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, lakini wakati huo nyangumi wamekwisha kurejea kusini. Anayetaka yote mawili asafiri mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kusi inapolegea.

Aidha, safari za kutazama nyangumi zimezoeleka zaidi Watamu kuliko Lamu. Kwa kuwa Watamu iko karibu na Malindi, anayesafiri kwa barabara anaweza kuanzia huko, kisha aendelee hadi visiwani. Nahodha mwema hukaa umbali wa mita 100 au zaidi, hamkatizi mnyama mbele, wala hamtenganishi mama na ndama wake.

Usalama nao usipuuzwe. Mwaka wa 2011 watalii walitekwa nyara Manda na karibu na Kiwayu, na mwaka wa 2014 mji wa Mpeketoni ulishambuliwa. Kabla ya kushika barabara ya Lamu au kuelekea Kiwayu, ni busara kuwauliza polisi na wenyeji kuhusu hali ilivyo. Mgeni pia avae kwa staha, kwani wengi wa wenyeji ni Waislamu.

Ukweli ni kwamba mlima na bahari havijawahi kutengana kabisa. Miraa ya Nyambene huuzwa katika miji ya pwani, na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka wa 2021, inakusudiwa kuunganishwa na Isiolo, jirani wa Meru. Anayesimama katika ukingo wa Mkanda maji yakitoka ataona matope na mikoko tu. Lakini ikiwa wazee walisema kweli, hapo ndipo palipoanzia safari iliyoishia Nyambene.